Ushahidi wa Mtani

Ofisini kwetu palikuwa na kabati moja la mbao, na funguo zake zilikuwa mbili: mmoja wa mkuu wangu, mmoja wangu. Nalitaja kwanza kwa sababu sehemu kubwa ya mambo niliyoyaamini katika miaka ile niliyafungia humo.

Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya vyumba viwili kando ya Barabara ya Kilwa, upande wa Temeke. Ilipangwa na chama kidogo cha hisani kilichoundwa baada ya vita vya pili vya dunia kuwasaidia watu waliokosa nchi. Wateja wa mwanzo, niliambiwa, walikuwa Wazungu waliotupwa huku na vita, na mmoja mmoja walipata meli za kuwapeleka mbali. Nilipoajiriwa mimi walikuwa wamebaki wateja ambao chama hakikuwatazamia: watu waliovuka Ruvuma kutoka upande wa Mreno wakikimbia kazi za kulazimishwa, au waliozaliwa na waliovuka. Walikata mkonge, walipakua meli, walipasua mbao, walioa na kuzika huku. Serikali haikuwauliza kitu maadamu mikono yao ilihitajika. Mji ulipoanza kujaa, ikawauliza walikozaliwa. Mreno hakuwa na karatasi yao hata moja, na Mwingereza aliwaita wageni. Kazi yetu ilikuwa kutafuta, katikati ya kutojulikana huko, jambo ambalo sheria ingeweza kulishika.

Nilikuwa nimerudi kutoka ng'ambo na shahada ya pili ya sheria, lakini sikuwa na ruhusa ya kusimama mbele ya baraza lolote. Kwa hiyo nilikuwa mwandishi wa maelezo. Nilikuwa na utaratibu wangu, na sioni sababu ya kuficha kwamba niliuonea fahari. Kila ukurasa niliupiga mstari wa wima. Upande mpana niliandika maneno ya shahidi kama yalivyotoka kinywani, bila kuyanyoosha. Upande mwembamba, kwa kalamu nyekundu, niliandika maelezo yangu: mahali alipocheka, neno alilolitumia kwa desturi ya kwao, jambo ambalo msomaji mgeni angelielewa vibaya. Niliamini kwamba mtu akiandikwa hivyo, kwa ukamilifu, hawezi kudhulumiwa.

Mkuu wangu alikuwa Mwingereza, hakimu mstaafu wa wilaya za bara. Ndiye aliyesaini barua iliyonipatia nafasi ya kusoma. Chai aliimimina mwenyewe, yangu kwanza. Siku aliyonikabidhi ufunguo alisema, "Watu hawa hawana kitu kingine cha kutupa ila maneno yao. Yanayoingia humu hayatoki bila wewe na mimi kukubaliana." Nililichukua jambo hilo kama kiapo. Yeye, nadhani sasa, alilisema kama mtu anavyomwonyesha mgeni choo kilipo.

Mteja ninayemkumbuka alikuja asubuhi moja ya kiangazi akiwa na unga wa mbao kwenye nyusi. Alikuwa Myao wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kuvua kofia yake ya kufuma na kuikunja mara mbili kabla ya kusema. Alinipa karatasi kutoka bomani. Iliagiza kwamba, kwa kuwa yeye ni mzaliwa wa nchi ya Mreno na hana ruhusa ya kukaa mjini, aondoke katika siku ishirini na moja. Akitaka kupinga, afike mbele ya ofisa siku ya kumi na nne akiwa na shahidi.

"Umezaliwa wapi?" nilimwuliza.

"Huku, bwana karani. Mama alivuka na mimba yangu. Baba alikuwa amechukuliwa kujenga barabara ya Mreno, hakurudi. Mama akaona, huyu naye akizaliwa kule atachukuliwa. Akavuka."

"Nani alikuona ukizaliwa?"

"Wote wamekufa. Amebaki mmoja tu." Akaikunja kofia mara ya tatu. "Lakini huyo ni Mngoni."

Alilisema hilo kwa uso wa mtu anayekiri kwamba shahidi wake ana ukoma. Nilielewa, nikacheka. Wayao na Wangoni ni watani. Babu wa Wangoni waliwavamia babu wa Wayao, na vita vilipokwisha vikabaki matusi, ambayo kila upande unayo haki ya kuyatoa na hauna haki ya kuyakasirikia. Kwetu milimani nasi tuna watani wetu. Wakati wa msiba ndio huja kulala kwenye jeneza na kudai walipwe ndipo watoke, na mfiwa hucheka akilia. Nalisema hili ili isidhaniwe kwamba nilikuwa mgeni wa desturi hiyo.

Nilimfuata kwa baiskeli hadi Mtoni, kwenye kibanda cha kupasulia mbao. Gogo la mvule lilikuwa limelazwa juu ya shimo, limechorwa mstari kwa uzi uliopakwa masizi. Juu ya gogo alisimama mzee mwembamba mwenye rozari shingoni, akiwa ameshika mpini wa msumeno mrefu. Mpini wa chini ulikuwa unaning'inia shimoni ukimngoja mwenzake.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba, mwalimu." Aliniita mwalimu kwa sababu ya miwani. Kisha akamwinamia mwenzake. "Umekwenda kunishtaki? Ingia shimoni, mateka wa babu yangu! Msumeno unapata kutu."

"Babu yako hakuteka mtu," Myao alijibu huku akishuka. "Alitukimbiza mpaka Ruvuma, akaona maji, akakumbuka kwamba hajawahi kuoga. Akarudi."

"Alirudi kwa kichefuchefu. Aliwanusa."

Walivuta msumeno, mmoja juu na mmoja chini, na matusi yakaenda nao mbele na nyuma kwa mwendo uleule. Walikuwa wamefanya kazi hiyo pamoja miaka kumi na mitano. Nilipowasimamisha na kueleza kilichonileta, mzee alishuka, akafuta mikono kwa kanga kuukuu, akakaa juu ya ubao. Alieleza vizuri. Alikuwa kijana wa miaka kumi hivi, anachunga mbuzi wa misheni upande wa huku wa Ruvuma, mwanamke mmoja wa Kiyao alipofika na tumbo kubwa na miguu iliyovimba. Masista walimpa nafasi nyuma ya ghala. Mahindi yalikuwa yanavunwa alipojifungua mtoto wa kiume. Mzee alikumbuka kwa sababu alitumwa kuita mkunga na njiani akapoteza mbuzi wawili, akachapwa.

"Mtoto huyo ndiye huyu?"

"Ndiye. Mwone masikio yalivyo. Masikio kama hayo huyasahau?"

Kisha, kwa kuwa alikuwa amesema ukweli kwa dakika kumi mfululizo mbele ya mtani wake, na hilo ni deni zito, aligeuka akampiga kofi la bega. "Lakini mwalimu, usidanganywe. Huyu ni mali ya Mreno. Tulimnunua kwa kapu la muhogo, tena muhogo mchungu. Mrudisheni! Nimechoka kumlisha."

Myao alicheka hata akakohoa unga. "Andika, bwana karani! Andika na muhogo!"

Nikaandika. Upande mpana niliandika, pamoja na mengine: "Huyu ni mali ya Mreno. Tulimnunua kwa kapu la muhogo. Mrudisheni." Upande mwembamba, kwa nyekundu: "Utani. Shahidi na mhusika ni watani kwa kabila. Maneno haya ni ya mzaha na desturi inayalazimu. Wote wawili walicheka. Yasichukuliwe kuwa taarifa."

Kwa nini niliandika? Nimejiuliza swali hilo kwa namna nyingi kuliko linavyostahili. Nilitaka ukamilifu. Pia nilikuwa nikiwaza tasnifu, andiko kubwa la kitaaluma kuhusu desturi na ushahidi, na kile kilikuwa kielelezo kizuri mno kukiacha. Na zaidi ya hayo, jambo ambalo sijawahi kulisema kwa mtu, nilikuwa na furaha pale, juu ya ubao ule, nikataka kuihifadhi.

Kwa ajili ya baraza niliandaa karatasi nyingine, safi, yenye maelezo ya mzee kuhusu mwanamke, ghala, mkunga na mbuzi. Mzee aliitia dole gumba. Daftari langu nikalifungia kabatini. Mkuu wangu alisoma vyote viwili, karatasi na daftari, akavua miwani. "Kazi nzuri," alisema. "Huyu tutamwokoa." Usiku huo nililala kama mtu aliyekwisha kushinda.

Siku ya kumi na nne tulikwenda bomani. Hapakuwa na hakimu. Palikuwa na ofisa kijana wa Kiingereza, mkalimani wake, na meza. Mkuu wangu hakuja. Alisema ana kikao. Mimi niliruhusiwa kukaa kwenye benchi la nyuma kwa sharti la kunyamaza. Myao alivaa kanzu ya kuazima iliyomfika magotini. Mzee alivaa koti jeusi la kanisani na viatu.

Walipokuwa wakisubiri, walikuwa wakichokozana kwa sauti ya chini. "Kanzu ya nani hiyo? Ya mtoto wako?" "Na wewe koti la nani? La marehemu?"

Ofisa aliisoma karatasi yenye dole gumba. Alimwuliza mzee maswali manne au matano, na mzee alijibu bila kuyumba. Hata mbuzi aliwataja. Nilimwona ofisa akiitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akafungua jalada lake, akatoa karatasi ya pili iliyopigwa taipu, akamsomea mkalimani, naye mkalimani akauliza:

"Mzee, siku fulani, Mtoni, mbele ya karani huyu, ulisema: Huyu ni mali ya Mreno. Tulimnunua kwa kapu la muhogo. Mrudisheni. Ulisema, hukusema?"

Mzee alicheka. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Alicheka, akamtazama mkalimani kama mtu aliyekutana na jamaa ugenini, akidhani kwamba sasa wamefika mahali pa kupumzika. "Nilisema, bwana! Na bado nasema! Huyu ni mateka wetu."

Mkalimani hakucheka. Alitafsiri. Ofisa aliandika.

"Bwana, huyu ni mtani wangu," mzee alisema, sasa kwa haraka. "Mwambie bwana mkubwa. Ni mtani wangu."

Mkalimani alisema jambo kwa Kiingereza. Alisema: ni rafiki yake. Sikumlaumu, lugha ile haina nyumba ya neno hilo. Ofisa alijibu kwamba urafiki ndio hasa sababu ya kutouamini ushahidi wa kwanza. Nilisimama. Niliambiwa nikae, au nitoke. Nilisema kwa Kiingereza kwamba maneno yale yana maelezo pembeni, kwamba mimi ndiye niliyeyaandika yote mawili. Ofisa alinionyesha karatasi ya taipu bila ukali wowote. Ilikuwa safi. Maneno ya upande mpana yalikuwa yote, hata nukta zangu zilikuwepo. Pembeni palikuwa peupe.

Amri ikabaki ilivyokuwa.

Nje, Myao aliniuliza jambo moja tu. "Bwana karani, daftari lile si ulisema linafungwa?"

"Linafungwa," nilisema.

"Na ufunguo anao nani?"

Nilikuwa nimekwisha kuhesabu: sisi tulikuwa wawili, na mmoja nilikuwa mimi. Niliona kwamba naye alikuwa akihesabu, ila yeye alimjua mmoja tu kati ya hao wawili.

Nilipofika ofisini mkuu wangu alikuwa amekwisha kumimina chai. Vikombe viwili. Sikukaa.

"Ulitoa daftari langu."

"Nilitoa nakala," alisema. "Keti, tafadhali. Ofisa alitaka kuona kumbukumbu zetu kamili, si karatasi tulizozichagua. Alikuwa na haki. Ningekataa, wasingepokea tena maelezo yoyote kutoka kwetu. Tuna wateja wengine, unawajua wote. Mjane wa Mabibo. Ndugu wawili wa Gongo la Mboto."

"Tulikubaliana kwamba hayatoki bila sisi wawili."

"Nilijua utakataa." Alilisema kwa upole, kama sifa.

"Na maelezo ya pembeni?"

Hapo alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Maelezo ya pembeni si maneno ya shahidi. Ni rai ya mwandishi. Wewe mwenyewe ndiye uliyepiga ule mstari."

Nimeupinga mstari ule akilini mwangu mara nyingi tangu siku hiyo, na kila mara nauona umenyooka. Alikuwa sahihi kwa kipimo changu mwenyewe. Lakini alijua. Alikuwa amekaa bara miaka ishirini. Alikuwa ameamua kesi za watani waliochukuliana kuku msibani, aliwahi kunisimulia moja na tukacheka. Alijua maneno yale ni nini, akayapeleka bila nguo mbele ya kijana asiyejua. Ningependa aniambie kwamba alikosea, au kwamba alitishwa. Alichoniambia ni kwamba chai inapoa.

Nilimwomba aandike barua kwa ofisa, sentensi mbili tu, zenye jina lake. Alisema atalifikiria. Nilimwuliza tena kesho yake na siku iliyofuata. Siku ya kumi na nane aliniambia kwamba suala limefungwa, na kwamba kulifungua upya kungeonyesha kuwa ofisi haina hakika na kumbukumbu zake. Niliandika barua hiyo mwenyewe, kurasa tatu, nikaipeleka bomani kwa miguu kwa sababu sikuiamini posta. Karani wa mapokezi aliigonga muhuri wa kupokelewa. Huo ndio ulikuwa mwisho wake.

Nilikwenda Mtoni kila jioni katika zile siku zilizobaki. Sijui nilikuwa nikitafuta nini. Kusamehewa, pengine, au kushtakiwa waziwazi. Hawakunipa lolote kati ya hayo. Walikuwa wakipasua gogo lile lile la mvule. Nilisimama kando nikasikia msumeno peke yake. Jioni moja Myao, akiwa shimoni, alijaribu kumchokoza: "We mzee, leo mbona unavuta kama bibi harusi?"

Mzee alisimamisha mkono. "Samahani," alisema. "Nitavuta vizuri."

Nilimwona Myao akifuta unga machoni kwa muda mrefu kuliko unga wenyewe ulivyokuwa.

Siku ya ishirini na moja lori lilisimama nyuma ya boma saa mbili asubuhi. Wangepelekwa bandarini, kisha kwa meli hadi Lindi, kisha wangevushwa Ruvuma na kukabidhiwa watu wa Mreno. Walikuwa watu saba au wanane, na mafurushi. Mke wa Myao, Mzaramo, alikuwa amebaki Mtoni na watoto. Alikataa kuja kuona. Mzee alikuja na koti lile la kanisani. Alikuwa amebeba furushi la mwenzake kichwani, akalitua na kulipakia mwenyewe.

Myao alikaa ukingoni mwa lori, kofia mikononi. Alimtazama mzee akingoja. Kila aliyewajua angejua alichokuwa akingoja. Mwisho akaanza yeye.

"Haya, Mngoni. Babu yako alishindwa kutuvusha. Wewe umeweza."

Ulikuwa utani, tena mkali, wa aina ambayo ingestahili kujibiwa kwa tusi la kutingisha lori zima. Mzee alifungua kinywa. Nilimwona akitafuta, na nilimwona akiangalia kulia na kushoto, kwa askari, kwa karani mwenye orodha, kisha kwangu. Akakifunga.

"Safari njema, ndugu yangu," alisema. "Mungu akulinde."

Myao aligeuza uso kama aliyepigwa. Lori lilipoondoka alikuwa bado ametazama upande mwingine.

Tulitembea pamoja, mzee na mimi, hadi njia panda ya Barabara ya Kilwa. Hapo akasimama, akavua koti, akalikunja. "Mwalimu," alisema, "niandikie karatasi nyingine. Andika kwamba nilisema uongo. Kwamba maneno ya muhogo ni uongo, niliapa uongo, na nifungwe. Akifungwa shahidi, si watamrudisha?"

Nilimweleza. Nilimweleza kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa: kwamba akikiri uongo katika neno moja, hata ushahidi wake wa kweli utaanguka, mwanamke, ghala, mkunga, vyote, na kwamba, zaidi ya hayo, hakuwa amesema uongo, hivyo karatasi ya kukiri ndiyo ingekuwa ya uongo.

Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Nilisema kweli, hawakuitaka," alisema. "Nikasema mzaha, wakauchukua. Sasa nataka kusema uongo, unanikataza. Mwalimu, ninyi mliosoma mnataka mtu aseme nini?"

Alingoja jibu. Alingoja kweli, koti mkononi, kama mtu aliyeuliza njia. Kisha akaniambia nisijisumbue, akavuka barabara kuelekea Mtoni, ambako gogo la mvule lilikuwa limepasuliwa nusu.